Kwa Nini Setilaiti Haianguki?

Jioni moja nilitembelea darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha pwani. Watu wa kijiji hicho ni wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo. Wanafunzi walisoma mpaka saa moja na nusu usiku. Tulipotoka nje, giza lilikuwa limekwisha ingia. Mbingu ilikuwa safi, haina wingu.

Mama mmoja akanyosha kidole juu. "Tazameni," alisema. "Nyota ile inatembea."

Wote tukatazama. Ilikuwa kweli. Nuru ndogo ilikuwa ikipita kati ya nyota nyingine. Haikumetameta wala haikutoa sauti. Ilikwenda taratibu, moja kwa moja, kisha ikafifia na kupotea.

Kijana mmoja akasema, "Ile si nyota, mama. Ni setilaiti. Ni chombo kilichotengenezwa na watu na kurushwa juu."

Mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, hakuridhika. Alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, embe likikatika mtini huanguka. Nazi huanguka. Hata ndege akichoka hutua. Chombo hicho ni cha chuma, tena hakina mabawa. Mbona hakianguki? Na siku kikianguka, kitamwangukia nani?"

Baadhi ya watu walicheka. Mimi sikucheka. Swali la mzee lilikuwa zuri sana. Watu wengi wanalo swali hilo moyoni, lakini wanaona haya kuliuliza. Siku ya pili tulilijadili darasani. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Dunia huvuta kila kitu

Embe huanguka kwa sababu dunia hulivuta. Nguvu hii huitwa mvutano wa dunia. Huwezi kuiona kwa macho, lakini unaijua vizuri. Ndoo ya maji hukulemea kichwani kwa sababu ya mvutano. Mkwezi huchoka kuupanda mnazi kwa sababu ya mvutano.

Watu wengi hudhani kwamba huko juu mvutano umekwisha. Wanadhani setilaiti imefika mahali ambapo dunia haiwezi kuivuta tena. Sivyo. Setilaiti nyingi huzunguka juu yetu kwa kiasi cha kilometa 500. Hata huko mvutano umepungua kidogo tu. Mzigo wa kilo 10 hapa chini, huko juu ungevutwa kama mzigo wa kilo 8 na nusu hivi.

Basi setilaiti huvutwa na dunia kila wakati. Na zaidi ya hayo, setilaiti inaanguka! Inaanguka mchana na usiku, bila kupumzika. Lakini haifiki chini. Je, jambo hili linawezekanaje?

Jiwe na kombeo

Okota jiwe, kisha liachie. Litaanguka karibu na mguu wako. Sasa litupe mbele kwa mkono. Litakwenda hatua thelathini au arobaini, huku likiinama, kisha litaanguka. Mara ya tatu, litie katika kombeo, kama afanyavyo mtoto anayefukuza ndege katika shamba la mpunga. Jiwe litakwenda mbali zaidi kabla ya kuanguka.

Mara zote tatu dunia ililivuta jiwe kwa nguvu ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wake tu. Jiwe lenye mwendo mkubwa huanguka mbali.

Sasa kumbuka jambo jingine. Dunia ni mviringo kama chungwa. Wavuvi wana ushahidi wa jambo hili. Jahazi likienda mbali baharini, kwanza mwili wake hupotea. Tanga bado huonekana. Kisha tanga nalo huzama machoni. Jahazi halikuzama. Limeteremka nyuma ya mpindo wa bahari.

Mpindo huo ni mdogo, lakini umepimwa. Ukienda kilometa 8, uso wa dunia huwa umeinama kiasi cha meta 5. Vile vile kuanguka kwa vitu kumepimwa. Kitu kikiachiwa, katika sekunde ya kwanza hushuka kiasi cha meta 5.

Je, umeona meta 5 mara mbili? Hapo ndipo penye siri. Tuseme unaweza kulirusha jiwe kwa mwendo wa kilometa 8 kwa kila sekunde. Baada ya sekunde moja, jiwe limeanguka meta 5. Lakini ardhi iliyo chini yake nayo imeinama meta 5. Jiwe halikuikaribia ardhi hata kidogo. Sekunde ya pili mambo ni yale yale. Jiwe linaanguka, na dunia inapinda. Litaendelea hivyo mpaka limezunguka dunia yote na kurudi mahali lilipoanzia.

Hiyo ndiyo setilaiti. Ni jiwe lililorushwa kwa mwendo mkubwa sana, hata likiwa linaanguka, haliikuti ardhi. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, jina lake Isaac Newton, alilifikiria jambo hili zaidi ya miaka 300 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na roketi ya kulijaribia.

Roketi husukumwa na nini?

Hakuna mkono wala kombeo la kurusha kitu kwa mwendo huo. Hata kama lingekuwapo, hewa ya karibu na ardhi ingekipunguzia kitu hicho mwendo na kukiunguza. Kwa hiyo kazi hii hufanywa na roketi. Roketi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuipandisha setilaiti mpaka juu ya hewa. Ya pili ni kuisukuma kwa upande, ili ipate mwendo wa kuizunguka dunia. Kazi hii ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Roketi husukumwaje? Wavuvi walilijibu swali hili kabla yangu. Niliwauliza, "Ukiruka kutoka katika mtumbwi mdogo kwenda ufukoni, mtumbwi hufanya nini?" Wakajibu wote kwa pamoja, "Hurudi nyuma!" Naam. Wewe unakwenda mbele, na mtumbwi unakwenda nyuma. Ukisukuma kitu upande mmoja, nacho hukusukuma upande wa pili.

Fanya jaribio hili na watoto wako. Jaza puto upepo, kisha uliachie bila kulifunga mdomo. Upepo hutoka nyuma kwa nguvu, na puto hukimbia mbele. Roketi hufanya hivyo hivyo. Ndani yake mna baruti au mafuta yanayowaka. Moshi wa moto hutoka chini kwa nguvu nyingi, na roketi huenda juu.

Lakini moto unataka hewa. Ukilifunika jiko la makaa ili hewa isiingie, makaa huzimika. Huko juu hakuna hewa ya kuwashia moto. Kwa sababu hiyo roketi hubeba vyote viwili: kitu cha kuungua, na kitu cha kukifanya kiungue.

Mzigo huo ni mzito. Basi wataalamu huigawa roketi sehemu sehemu. Mfikirie msafiri anayevuka nyika na vibuyu vinne vya maji. Kibuyu cha kwanza kikiisha, hukitupa. Hana haja ya kubeba kibuyu kitupu. Cha pili kikiisha, hukitupa pia. Roketi nayo huacha sehemu iliyokwisha ungua, na sehemu inayofuata huwaka. Kila mara inakuwa nyepesi zaidi.

Roketi zilizorushwa Malindi

Wengine darasani walidhani kwamba mambo haya hufanyika Ulaya na Marekani tu. Walishangaa waliposikia habari za Malindi.

Kaskazini ya mji wa Malindi, katika pwani ya Kenya, kuna kijiji cha Ngomeni. Katika miaka ya 1960, wataalamu wa Italia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na kijiji hicho. Jukwaa la kurushia roketi liliitwa San Marco. Roketi zilizotumika zilitoka Marekani, nazo ziliitwa Scout. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 23 hivi, na sehemu nne, kama vile vibuyu vya msafiri wetu. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho ilirushwa mwaka 1988. Kwa jumla setilaiti 9 zilipelekwa juu kutoka jukwaa hilo.

Kwa nini walikuja mpaka huku? Sababu ya kwanza ni Ikweta. Chukua baiskeli, uigeuze juu chini. Tia alama mbili za chokaa katika gurudumu la nyuma: moja karibu na ekseli, nyingine juu ya tairi. Zungusha gurudumu. Alama zote mbili huzunguka mara moja kwa wakati mmoja. Lakini alama ya kwenye tairi ina njia ndefu, kwa hiyo hukimbia zaidi.

Dunia nayo huzunguka kama gurudumu, mara moja kwa siku. Sehemu za Ikweta ndizo zilizo kwenye tairi. Ukikaa Malindi, au mahali po pote karibu na Ikweta, unachukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Huoni kitu kwa sababu nyumba, miti na hewa vinakwenda pamoja nawe. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki, hupewa mwendo huo bure. Ni kama mtu anayerusha jiwe mbele akiwa juu ya lori linalokwenda. Setilaiti inahitaji mwendo wa kilometa 27,000 hivi kwa saa. Kupata 1,670 bila kuchoma mafuta ni msaada mkubwa.

Sababu ya pili ni bahari. Mashariki ya Malindi hakuna vijiji wala miji, ila maji tu. Sehemu za roketi zilizokwisha tumika huanguka baharini, mbali na watu.

Setilaiti moja iliyorushwa hapo ina jina la Kiswahili. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Bibi Marjorie Townsend wa Marekani, aliyeisimamia kazi hiyo, aliipa jina la Uhuru. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, kama uzito wa watu wazima wawili. Iliizunguka dunia mara moja kwa kila dakika 96.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka mbinguni. Eksirei ni miale ile ile ambayo hospitali huitumia kupigia picha ya mfupa uliovunjika. Nyota fulani hutoa miale hiyo. Hewa yetu huizuia isifike chini. Hii ni heri kwetu, kwa sababu miale hiyo ikizidi hudhuru mwili. Lakini anayetaka kuichunguza hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Orodha iliyotokana nayo ina mahali 339 mbinguni panapotoa eksirei. Kiongozi wa wataalamu hao, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake katika elimu hiyo. Kwa hiyo neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota dunia nzima.

Zikianguka je?

Hapa tunafika sehemu ya pili ya swali la mzee. Je, setilaiti zaweza kuanguka?

Ndiyo. Katika kilometa 500 juu, hewa haikwisha kabisa. Imebaki kidogo mno. Hewa hiyo huisugua setilaiti na kuipunguzia mwendo pole pole, mwaka baada ya mwaka. Mwendo ukipungua, setilaiti hushuka. Ikifika penye hewa nzito, husuguliwa sana. Sugua viganja vyako kwa nguvu. Je, unasikia joto? Joto la setilaiti ni kubwa mara nyingi zaidi. Huwaka moto na kuteketea. Ndivyo Uhuru ilivyomaliza safari yake mwaka 1979.

Mara chache vipande vigumu hubaki na kufika chini. Sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na nchi kavu nyingi haina watu. Kwa hiyo vipande vingi huanguka pasipo na mtu. Lakini tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Upana wake ulikuwa meta 2 na nusu, na uzito wake kilo 500 hivi. Haikuua mtu. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa kwanza, ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Ukiona kitu kama hicho kimeanguka kijijini kwako, fanya hivi:

1. Usikishike. Chaweza kuwa na moto, au mabaki ya mafuta yenye sumu.
2. Wazuie watoto na mifugo wasikikaribie.
3. Toa habari upesi kwa chifu, mwenyekiti wa kijiji, au polisi.
4. Usikikate ili uuze chuma chakavu. Wataalamu wanakihitaji ili wajue kimetoka wapi na ni mali ya nani.

Wala tusiwaogope wanaosema kwamba ni uchawi au ni mwisho wa dunia. Ni chuma kilichopungukiwa na mwendo.

Zinatufaa nini sisi?

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimeelewa kwa nini hazianguki. Lakini mimi ni mvuvi. Jiwe lililo kilometa 500 juu litanifaa nini?"

Nikamjibu kwamba lipo jiwe jingine, lililo juu zaidi. Setilaiti ikiwa juu sana, mvutano huwa mdogo na njia yake huwa ndefu. Hivyo huchukua muda mrefu kuzunguka. Katika kilometa 36,000 hivi juu ya Ikweta, mzunguko mmoja huchukua siku moja. Dunia nayo huzunguka mara moja kwa siku. Basi zote mbili hwenda sawasawa, na setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu sahani ya televisheni pale dukani hutazama upande mmoja siku zote.

Huko ndiko ziliko setilaiti za Meteosat, zinazotazama bara letu la Afrika. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Hupiga picha za mawingu usiku na mchana. Mtu aliye pwani huliona wingu la dhoruba likiwa limekwisha karibia. Setilaiti huliona likianza kujikusanya mbali baharini.

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga kiitwacho Hidaya kilikuja kutoka Bahari ya Hindi. Tarehe 4 kilifika Kisiwa cha Mafia. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha toa tahadhari, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilikuwa vimesimamishwa. Waliosikia walipata nafasi ya kuvuta vyombo vyao nchi kavu.

Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mdogo wangu alitoka hapa alfajiri, bahari ikiwa shwari kama maziwa. Dhoruba ilimkuta jioni. Hakurudi. Siku zile hakuna aliyetuambia kitu." Darasa zima lilikuwa kimya. Kisha mama yule aliyeona nyota ikitembea akamwuliza, "Na siku hizi wakitangaza, nyinyi wavuvi mnasikiliza?"

Mzee hakujibu mara moja. Alisema kwamba vijana wengi hupuuza matangazo. Husema, "Wao wako ofisini, bahari wanaijuaje?" Hata yeye alikuwa akisema hivyo.

Kabla hatujaondoka, darasa lilikubaliana jambo moja. Kila jioni, mtu mmoja wa zamu ataisikiliza taarifa ya hali ya hewa katika redio. Ataiandika kwa chaki katika ubao, na ubao huo utawekwa penye diko, mahali vyombo vinapofungwa. Kila mvuvi ataisoma alfajiri kabla ya kutweka tanga. Wa kwanza kushika zamu alikuwa mzee mwenyewe.

Na wewe msomaji, leo usiku kama hakuna wingu, toka nje baada ya jua kutua. Tazama juu kwa muda wa nusu saa. Jua limekwisha tuacha sisi tulio chini, lakini bado linaziangaza setilaiti zilizo juu. Ukiiona nuru ndogo inayopita taratibu bila kumetameta, mwite jirani yako. Mweleze kwa nini haianguki.

Maneno ya kukumbuka

Mvutano: nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini.
Setilaiti: chombo kinachozunguka dunia juu ya hewa.
Ikweta: mstari unaodhaniwa kuizunguka dunia katikati.
Kimbunga: dhoruba kubwa yenye upepo unaozunguka.

Maswali

1. Je, ni kweli kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia? Eleza.
2. Roketi ina kazi gani mbili?
3. Taja sababu mbili za kurushia roketi karibu na Malindi.
4. Kwa nini setilaiti zilizo karibu na dunia huanguka baada ya miaka mingi?
5. Utafanya nini ukiona kipande cha chuma kimeanguka kutoka juu?
6. Jadilini darasani: Katika kijiji chenu, ni nani anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa? Habari hiyo huwafikiaje wavuvi na wakulima wasio na redio?